Vigingi vya Barafu Isiyopungua

Aliyekuwepo atikise kichwa, asiyekuwepo asizibe masikio: palikuwa na nchi moja yenye mlima mmoja, na mlima huo ulikuwa na barafu kichwani kama mzee mwenye mvi. Jina la nchi halina haja. Wenye nchi wanajijua.

Barafu hiyo ilikuwa kwenye bendera. Ilikuwa kwenye stempu, kwenye kofia za polisi, kwenye chupa za bia, na kwenye makalio ya kaptula za timu ya taifa. Wimbo wa taifa ulikuwa na beti nne: tatu za kuisifu barafu, na wa nne wa kumsifu Mkuu wa Nchi kwa kuitunza. Kwa hiyo mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa alipoandika, ukurasa wa mia mbili na tatu wa kitabu ambacho hakuna aliyetarajiwa kukifungua, kwamba barafu ya mlima inapungua kwa sababu dunia inazidi kupata joto, Serikali haikukasirika hata kidogo. Ilimwalika tu kwenye ngazi za maktaba. Ngazi zile zina vidato mia moja na kumi na vinne. Vijana wanne wa Kikosi cha Kutuliza walimshika miguu wakamburuta kushuka, kisogo kikigonga kila kidato, na mtaalamu, kwa kuwa ni mtu wa vipimo, alihesabu kwa sauti hadi sitini na mbili. Vilivyobaki alihesabiwa.

Hiyo ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na kantini ya chuo ilikuwa inauza maandazi. Wapo wanaosema hawakumbuki. Ukiwauliza maandazi, wanayakumbuka.

Alhamisi Bunge lilipitisha Sheria ya Ukamilifu wa Barafu, kifungu kimoja tu, kifupi kama amri ya kumfukuza mbwa: *Barafu ya Taifa haijapungua, haipungui, wala haitapungua, na chochote kitakachoonyesha vinginevyo kitahesabiwa kuwa na nia mbaya.* Limetamkwa neno "chochote". Ndani yake wamo watu, mito, jua, na vigingi.

* * *

Kwenye vigingi ndiko alikoingilia Aikande binti Kirumbuyo.

Aikande alikuwa msaidizi wa utafiti katika Idara ya Maji na Baridi. Kila mwaka alipanda mlima siku tano, midomo imepasuka, vidole vimekufa ganzi, kwenda kusoma vigingi ishirini. Kigingi ni mti mrefu uliozamishwa ndani ya barafu kwa keekee, chuma cha kutobolea, kichwa kikaachwa nje dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Barafu ikiyeyuka, kigingi hakiendi popote. Barafu ndiyo inayoshuka, kigingi kinabaki uchi. Mwaka unaofuata unakuta nje dhiraa moja na nusu, na hiyo nusu ndiyo barafu iliyokwenda zake. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, ndiyo maana iliwashinda maprofesa.

Sheria ilipopita, Idara ilipokea waraka. Kigingi chochote kitakachokutwa kimezidi dhiraa moja kimejiinua kwa kiburi, na kiburi dawa yake ni msumeno. Basi Aikande akawa anapanda na msumeno. Anafika, anakata kilichozidi, anaandika daftarini: *Dhiraa moja. Haijapungua.* Mwaka wa kwanza kipande cha kigingi cha saba, kilichokuwa kinara wa uchochezi, kilifungwa kwenye mlingoti wa bendera kikachapwa viboko ishirini na vinne mbele ya wafanyakazi wote. Hakikulia. Iliandikwa kwamba ni sugu.

Na vile vipande? Nchi ile haikutupa kitu. Mkataba wa Chuo ulisema wazi kwamba matokeo ya utafiti sharti yawafikie wananchi. Kwa hiyo vipande vilikabidhiwa Kikosi cha Kutuliza, vikawa virungu, na utafiti ukawafikia wananchi: mabegani, viunoni, na kwenye mifupa ya pua.

Mwaka wa kwanza kirungu kilikuwa kama mwiko. Mwaka wa sita kilikuwa dhiraa moja kamili, kinatosha kuvunja mtulinga. Mwaka wa tisa askari mfupi alikiburuta. Mwaka wa kumi na tatu kilimzidi urefu aliyekibeba. Askari wawili walishika huku na huku, wakafagia mgomo wa wauguzi kama watu wanaovua dagaa kwa kokoro.

"Dada Aikande, shikamoo!" alishangilia Sajini Ndewario, mtunza stoo wa Kikosi, siku alipopokea mzigo wa mwaka huo. "Hivi ni virungu hivi, au umeng'oa nguzo za umeme?"

"Marahaba. Ni kipimo."

"Kipimo tosha! Zamani, unakumbuka, ilikuwa umpige mtu mara tano ndipo akae. Siku hizi mara moja, wanakaa watatu. Sayansi imekua, dada yangu. Mwakani je?"

"Mwakani kitakuwa kirefu zaidi."

"Mungu akuzidishie." Kisha kidole gumba chake kikapita juu ya mti, kikasimama. "Ila hivi vialama unavichonga vya nini? K7, M13, halafu huu mkato ulioinama."

"Mazoea ya nyumbani. Wewe si mtoto wa mlimani?"

"Mfereji wa Kati. Kwa mzee Mlasani."

"Basi maliza mwenyewe. Fimbo isiyo na alama..."

"...ni kuni," Sajini akamaliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya sajini. Akasaini haraka na kuondoka.

Kule mlimani, maji ya barafu yaligawanywa kwa mifereji, na kila nyumba ilikuwa na fimbo yake ya zamu, imechongwa alama. Mkato ulionyooka: yametosha. Mkato ulioinama: yamepungua. Ukizuka ugomvi, mlinzi wa mfereji alipiga ukelele mmoja tu, "Fimbo chini!", na kila mtu alilaza fimbo yake ardhini, alama kwa alama, ukoo kwa ukoo, kichwa cha hii kikigusa mkia wa ile, mpaka mstari uonekane na ugomvi usomwe. Na atakayeokota fimbo kabla hukumu haijatoka, huyo ndiye mwizi wa maji. Hatafutwi shahidi mwingine. Watoto wa mlimani walijifunza hayo kabla hawajajua kufuta makamasi yao.

Aikande alikata vigingi kama alivyoagizwa, miaka kumi na mitatu. Lakini kukata bila kuchonga alama, K ya kigingi na M ya mwaka, mkono wake ulikataa. Maprofesa walidhani ni urembo.

* * *

Mwaka huo huo wa kumi na tatu, mto ulikatika.

Haukupungua, maana hilo lilikuwa kosa la jinai. Ulikatika. Mifereji ikabaki na kokoto, migomba ikainamisha shingo, na wanawake wakawa wanashuka bondeni, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tano kurudi, kwa ndoo moja ya tope.

Serikali ilichunguza, na mshukiwa wa kwanza alikuwa jua. Lilionekana juu ya barafu kila siku, mchana kweupe, bila kibali. Jeshi likapanga bunduki mia tatu uwanjani, na saa sita kamili likapiga angani mpaka ghala la risasi la nchi nzima likabaki na panya. Risasi, ambazo hazikuwa zimesoma sheria, zilirudi. Ziliua ng'ombe tisa na wanakwaya watatu waliokuwa mazoezini. Jioni redio ilitangaza: "Adui amejeruhiwa vibaya. Wananchi wamemwona akitokwa na damu upande wa magharibi mnamo saa kumi na mbili."

Wanakwaya wale walikuwa Elinaja, Ndeanka, na mdogo wake Ndeanka. Waliimba sauti ya pili. Redio haikuwataja, na kwa hiyo wanatajwa hapa.

Kesho yake jua likachomoza bila hata plasta. Ndipo Waziri wa Barafu na Heshima, Mheshimiwa Daktari Kwangaya, alipofikiri kwa kichwa chake mwenyewe. Barafu kwa sheria ni kamili. Barafu kamili hutoa maji kamili. Maji hayapo. Basi yameibwa! Na nani alikuwa karibu nayo usiku na mchana? Walinzi wa mifereji. Wako tisa. Wakamatwe.

Wakakamatwa. Wakaulizwa mto wameuficha wapi. Sakafu zao zikachimbuliwa, mitungi ikavunjwa, migomba yao ikakatwa na kukutwa na maji ndani ya shina, na mashina kumi na saba yakapelekwa mahakamani kama vielelezo. Wawili kati ya wale tisa walikufa siku ya kwanza wakiulizwa. Wa tisa katika orodha, mwenye umri mkubwa kuliko wote, alikuwa Mzee Kirumbuyo wa Mfereji wa Juu, baba yake Aikande.

* * *

Aikande alimkuta mzee mahabusu amelala kifudifudi kwenye saruji, kwa kuwa mgongo haukuwa tena kitu cha kulalia. Ngozi ilikuwa imefunguka kama ganda la ndizi. Katikati ya mabega, pale ambapo kirungu kilitua bapa, damu ilikuwa imeganda ikaacha chapa safi kabisa: K7 M13.

"Baba."

"Nani?"

"Aikande."

"Sogea. Jicho hili limefungwa ofisi." Akapumua. "Hebu niambie, wamenipiga kwa mti wa nani?"

Aikande alichuchumaa karibu naye.

"Nimeuhisi una alama. Nikasema moyoni, huyu aliyechonga namjua. Ule mkia wa saba unaupindisha hivyo tangu mdogo, nilikukataza hukusikia."

"Ni wangu, baba. Mimi ndiye niliyekata. Yote nimekata mimi."

Mlango wa pili mtu alikuwa anaulizwa kuhusu mto, na kila swali lilikuwa na sauti ya mti juu ya nyama.

"Mkato," akasema Mzee, "umenyooka au umeinama?"

"Umeinama."

"Yote?"

"Yote, miaka kumi na mitatu."

"Haya. Basi walau sikupigwa na uongo." Alijaribu kucheka, akatema jino, akaliangalia kama mtu aliyeona sarafu ya zamani. "Sikiliza, mama. Nina miaka sabini na sita, mtu kama mimi hatishwi na kaburi. Ila Jumamosi watanisomea hukumu uwanjani mbele ya watu wangu, na baada ya hapo wataninyonga kama mwizi wa maji. Mwizi wa maji kwetu hazikwi. Unajua anakopelekwa."

"Ng'ambo ya mfereji, kwa fisi."

"Na kimo changu hiki," alisema Mzee, "fisi watanung'unika."

* * *

Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mzengule, alimpokea Aikande kwa ukarimu. Ofisini mwake mlikuwa na picha ya mlima ya miaka arobaini iliyopita, na chini yake maandishi: *Leo.*

"Binti yangu, nimesikia. Inauma. Mimi mwenyewe nimeshindwa kumaliza kifungua kinywa. Lakini tuseme ukweli wa kitaaluma: mzee wako ana mto au hana?"

"Profesa, mto haukuibwa. Barafu..."

"Shhh!" Profesa aliruka akafunga dirisha. "Unataka nihesabu vidato? Mimi nina shinikizo la damu! Sikiliza. Jumamosi mahakama inahitaji mtaalamu wa kuthibitisha kwamba barafu ni kamili. Nimependekeza jina lako. Utasimama, utasema 'dhiraa moja, haijapungua', kama ulivyoandika kwa mkono wako miaka yote hii. Utashuka. Utapandishwa cheo."

"Na baba?"

"Baba atanyongwa, lakini atanyongwa akiwa mzazi wa Mtafiti Mwandamizi. Si haba."

"Nikikataa?"

"Basi watatafuta mtu mwingine wa kusema maneno matatu, na wewe watakutafutia ngazi." Akamsogelea, sauti ikashuka. "Aikande, mwanangu, mimi nilikuwepo Jumatano ile. Nilikuwa kwenye foleni ya maandazi. Unadhani nalala nikisikia ile hesabu? Sitini, sitini na moja... Nenda kaseme maneno matatu."

Aikande alitazama picha ya mlima. Akasema, "Nitakwenda."

"Ahsante, binti yangu."

"Nina ombi moja. Kikosi cha Kutuliza kije chote, kije na virungu vyote, vya tangu mwaka wa kwanza. Ni heshima ya Idara."

Profesa alifikiri kidogo, akaona ni wazo zuri, akaliandika kama lake.

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu walilazimishwa kuja, na ambao hawakulazimishwa walikuja kwa sababu waliahidiwa soda. Mashina kumi na saba ya migomba yalipangwa mezani, yameoza. Walinzi saba walisimamishwa kwenye nyasi wamefungwa kamba, isipokuwa Mzee Kirumbuyo, ambaye alikalishwa kwenye kigoda kwa kuwa miguu ilikuwa imegoma. Kumzunguka walisimama askari mia mbili na sitini wa Kikosi, kila mmoja na kirungu chake. Wa mstari wa mwanzo na kama mwiko, wa mstari wa mwisho na kama mlingoti. Hakukuwa na bunduki hata moja. Risasi zote zilishatumika kwa jua.

Jambo moja Serikali ilikuwa imelisahau, kwa kuwa haikuwa desturi yake kukumbuka. Askari wa Kikosi waliokotwa wapi? Mlimani. Mifereji ilivyozidi kukauka ndivyo vijana walivyozidi kushuka kutafuta kazi, na kazi iliyokuwepo ilikuwa ya kupiga.

Mheshimiwa Kwangaya alipanda jukwaani akahutubia kwa dakika arobaini.

"Ndugu wananchi! Mto si sindano! Mtu mzima, mwenye mvi, mwenye wajukuu, anauchukua mto mzima anautia kibindoni! Halafu watokee watu wa nje, wenye wivu, wanaong'ang'ania vipimo, watuambie ni joto! Joto gani? Mimi nina koti!" Akaonyesha koti. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye viatu. "Leo sayansi itasema. Na sayansi ikishasema, kamba itafuata! Mtaalamu!"

Aikande alisogea mpaka pale alipokaa baba yake. Kipaza sauti kililia kama mbuzi.

"Mtaalamu," alisema hakimu, "kwa mujibu wa vipimo, barafu ya Taifa imepungua?"

Maneno matatu yalikuwa mdomoni, aliyazoea kama salamu. Alimtazama Mzee. Mzee alikuwa anamtazama kwa jicho moja, na midomo iliyovimba ilikuwa inajaribu kuunda neno lakini haina tena meno ya kulishikia.

Ukelele ule ni wa mlinzi wa mfereji peke yake. Mwanamke hajawahi kuupiga. Aikande akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akaupiga kama alivyousikia utotoni kila msimu, kwa sauti ya baba yake:

"Fimbo chiiiini!"

Kuna vitu vinavyokaa ndani ya goti, si ndani ya kichwa. Kabla askari mia mbili na sitini hawajakumbuka kwamba wao ni askari, magoti yalikuwa yameshapinda. Virungu vikalala. Na haikuishia hapo, maana fimbo hailazwi ovyo. Sajini Ndewario akasikika akifoka, "K7 njoo huku! K4 kwa K4! Wewe mwana wa Shauritanga, kichwa kwenye mkia, hukufundishwa kwenu?" Wakasogea, wakainama, wakapanga alama kwa alama, mwaka kwa mwaka, bila kusukumana, kama watoto wenye adabu. Kisha wakasimama nyuma ya mistari yao, mikono mgongoni.

Mistari ishirini. Kila mmoja ulianza na mwiko na kuishia na mlingoti. Mstari wa saba ulianzia kwenye vidole vya miguu vya Mzee Kirumbuyo na kwenda mpaka chini ya jukwaa la Waziri.

Aikande alipiga magoti akaupima kwa mkono wake, kiwiko kwa kidole, akitambaa. Uwanja mzima ukasikia kucha yake ikigusa mti.

"Ishirini na tano na robo," alisema, amesimama chini ya jukwaa. "Hiki ndicho kimo cha barafu ambacho hakipo tena pale kwenye kigingi cha saba. Nimekikata mimi. Hakuna mlinzi aliyeiba maji. Yalikwenda na joto, mwaka hadi mwaka, na kila mwaka mlipigwa nayo. Nani hapa hajapigwa? Angalieni migongo yenu mjue mlipigwa kwa barafu ya mwaka gani."

Mzee mmoja jukwaa la nyuma akafunua shati. "M4!" alipaza sauti jirani yake. "M9, kiunoni!" alijibu mama mmoja. "M11, na mkato umeinama!" "M2, sikioni!" Zikaenda hivyo kama hesabu ya sokoni, uwanja mzima ukisomana.

"Kimya!" Mheshimiwa alikuwa amepauka. Kisha, kwa kuwa alikuwa na akili, uso ukamng'aa. "Binti amekiri! Mmesikia? Sasa tunajua hata kiasi alichoiba mzee! Ishirini na tano na robo! Kikosi, okoteni virungu! Mzee apigwe kiboko kimoja kwa kila dhiraa, ndipo anyongwe!"

Hakuna aliyeinama.

"Nimesema okoteni!"

"Mheshimiwa," alisema Sajini Ndewario kwa adabu kabisa, "hukumu haijatoka."

"Mimi ndiye hukumu!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini fimbo ziko chini."

Mheshimiwa Kwangaya alizaliwa pwani ya mbali, akasomeshwa mbali zaidi. Kwake mti ni mti. Aliteremka jukwaani, koti likipepea, akachagua kwenye mstari wa saba kipande kinachojaa mkononi, cha mwaka wa sita.

"Usiokote, mzee wangu," alinong'ona askari mmoja kijana. "Tafadhali."

Akaokota. Akatembea mpaka kwenye kigoda, akamshushia Mzee Kirumbuyo pigo moja la mdomoni, na Mzee akaenda chini na kigoda chake.

Ilipita kama nusu ya pumzi.

"Mwizi wa maji," alisema Sajini, "si huyu hapa?"

Mpiga picha wa Serikali alifunika kamera yake kwa kofia, kwa hiyo yaliyofuata hayakutokea. Hawakutokea watu elfu nne wakiruka uzio. Haukusikika ule mlio wa koti likipasuka. Hakuna mama mwenye M9 kiunoni aliyefika wa kwanza, wala hakuna aliyeng'ata. Hakimu hakujificha chini ya mashina ya migomba, na Profesa Mzengule hakuonekana amesimama kando, anahesabu kwa sauti: sitini na tatu, sitini na nne, sitini na tano. Alifika mia moja na kumi na nne. Ndipo akakaa chini akalia.

* * *

Mzee Kirumbuyo alibebwa mpaka mlimani juu ya vigingi viwili vya mwaka wa kumi na tatu vilivyofungwa blanketi. Askari wanne walibeba, Sajini akiwa mbele kulia. Kwenye mfereji aliomba washushe.

"Yapo?"

"Hakuna, baba," alisema Aikande. "Ni kokoto."

"Hakuna." Alipeleka mkono, akazigusa. "Sawa. Lakini hayakuibwa."

"Hayakuibwa."

"Semeni na nyie wengine."

"Hayakuibwa, mzee," walisema wale waliokuwa wamempiga.

Aliishi siku tisa. Alizikwa upande wa huku wa mfereji, na kichwani pake kikachomekwa kigingi.

* * *

Serikali haikuyumba. Jumatatu redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Kwangaya yuko salama na, kwa mujibu wa sheria, hajapungua. Wabaya walidai amepungua meno kumi na moja, sikio moja, na mguu wa kushoto kuanzia goti. Bunge likakaa dharura likaongeza maneno mawili kwenye Sheria ya Ukamilifu: *na Waziri.*

Ilibaki shida ndogo ya kutembea. Madaktari wa jeshi walikuta ngumi ya Mheshimiwa imeking'ang'ania kile kipande cha mti, vidole havifunguki. Na kwa kuwa kilikuwa dhiraa moja kamili, kipimo halali pekee nchini, wakaona kisitupwe. Wakakitoa kwa nguvu, wakakifunga chini ya goti kwa mikanda.

Ndiyo maana Siku ya Bendera, mkienda, mtamwona. Anasimama kwenye jukwaa, mkono kifuani, mguu wa kushoto wa suruali umepandishwa kwa sababu mikanda inambana. Watu wanasogea karibu sana, wanavua kofia, wanainama. Yeye anadhani ni heshima. Wanasoma: K7. M6. Na mkato mmoja, umeinama.

Ndiyo ripoti pekee ya Idara ya Maji na Baridi iliyowahi kutolewa hadharani, na inatembea. Mwenye kiu ya zaidi na apande mlimani na keekee yake, akatafute pa kuchomeka.